Nimefeli karatasi ile ile ya uhasibu mara nne, nibadilishe nini kwenye kusoma?

Subira_K
Wakuu habari zenu. Nianze kwa kusema sijaja kulalamika, nataka msaada wa kweli maana nimefika mahali sijui tena nishike wapi. Nasomea mitihani ya bodi ya uhasibu, karatasi za mwanzo zote nilipita na nyingine nilipita mara ya kwanza tu, ila hii moja ya kuandaa taarifa za fedha, ile yenye hesabu za kundi la makampuni ndani yake, imenigomea kabisa. Nimeifanya mara nne. Nilianza na 38, nikaja 46, nikashuka 44, na juzi matokeo yametoka nina 47. Pasi maki ni 50. Yaani maksi tatu.

Kinachoniuma ni kwamba nasoma. Naamka saa kumi alfajiri kabla ya kazi, wikiendi nasoma mpaka macho yanauma, kitabu nimekimaliza mwanzo mwisho mara tatu na kila ukurasa una hailaita, video za mwalimu nimeangalia zote na nyingine nimerudia. Nikimuangalia anavyotatua swali naelewa kila hatua, najisemea hapa sasa nimeiva. Halafu nikiingia chumba cha mtihani nafungua swali naona kabisa hili nalijua lakini mkono hauendi, naanza kufuta, narudia, nikija kushtuka imebaki robo saa na swali la mwisho sijaligusa.

Nyumbani mwenzangu ananivumilia ila naona amechoka, kila mipango ya familia inasubiri "nikimaliza mtihani". Kazini niliowatangulia wamenipita. Mara hii sikumwambia mtu yeyote kwamba matokeo yametoka.

Sasa nauliza, niongeze masaa? Nibadilishe mwalimu? Nipumzike msimu mmoja? Au nikubali tu kwamba hii njia sio yangu? Ningependa zaidi kusikia kutoka kwa waliofeli kweli zaidi ya mara moja halafu wakapita, mlibadilisha nini hasa.

Kalamu_Nyekundu
Pole sana ndugu yangu. 47 sio alama ya mtu asiyejua, usianze kuwaza kuacha.

Ila kabla mtu hajakwambia uongeze masaa naomba ujibu mambo mawili kwa ukweli mtupu. La kwanza, hizo maksi 53 ulizokosa zilipotelea wapi? Sio "konsolidesheni (kuunganisha hesabu za kundi) ilikua ngumu", nataka kujua swali gani ulipata nusu, lipi hukumaliza, lipi uliliacha. La pili, kabla ya mtihani wa juzi ulifanya karatasi nzima ngapi, saa tatu kamili, saa inatembea mezani, bila kufungua majibu hata mara moja? Usihesabu zile "nilizipitia".

Subira_K
Asante mkuu. Hilo swali la pili limenichoma. Jibu ni sifuri.

Maswali nafanya, tena mengi, ila nikikwama dakika mbili tatu nafungua jibu, naona walivyofanya, nasema aah kumbe, naendelea. Karatasi nzima sijawahi kukaa nayo hata moja, kila nikitaka nawaza ngoja kwanza nimalize silabasi, na silabasi huwa inaisha wiki moja kabla ya mtihani.

Kuhusu maksi, kwenye ripoti ya matokeo maswali mafupi ya kuchagua nilifanya vizuri. Swali la hesabu za kundi nilipata kama nusu. Lile la kuchambua utendaji wa kampuni ndo lilikua la mwisho na nilipata maksi chache sana kwa sababu niliandika uwiano tu (zile asilimia za kupima kampuni), sikufika kwenye maelezo. Sasa ndo naanza kuona nilikua napoteza wapi, miaka miwili yote hii sikuwahi kukaa chini kuangalia.

Mama_Mizania
Mdogo wangu umenikumbusha mbali, mimi hiyo karatasi niliipita mara ya tano na nilikua nasoma hivyo hivyo kama wewe, kwa hiyo nakuelezea kitu nilichokipitia.

Kumuangalia mtu anatatua swali na kulitatua mwenyewe ni kazi mbili tofauti kabisa. Ukiangalia, akili inatambua, inasema hiki nakijua. Mtihani haukuulizi kama unakitambua, unakupa karatasi tupu ukitoe kichwani. Na kile kitendo cha kufungua jibu baada ya dakika mbili ndo kibaya kuliko vyote, kwa sababu pale unapokwama ndo mahali pa kujifunzia, sasa wewe kila ukifika pale unatoroka. Hata watafiti wameliona, Roediger na Karpicke kule Marekani mwaka 2006 waliwapa wanafunzi habari ya kusoma, wengine wakairudia kuisoma, wengine wakafunga wakajaribu kuikumbuka wenyewe. Walipopimwa baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikua juu. Walipopimwa baada ya wiki, waliojaribu kukumbuka ndo waliokua juu. Niliposoma hilo nililia kwa kweli, maana niliona miaka yangu yote ya hailaita ilikua inanipa ile dakika tano.

Nilichobadilisha. Baada ya kufeli mara ya nne nilichukua karatasi ya zamani nikajifungia chumbani saa tatu, simu nikaiacha nje. Nikapata 40 na kitu. Halafu badala ya kusoma majibu nikaanza kuhesabu kila maksi niliyokosa nikaipa jina moja kati ya matatu: sikujua, nilijua nikateleza, sikufika. Nilikua naamini tatizo langu ni "sikujua". Kumbe zile za sikujua zilikua chache kuliko zote! Nyingi zilikua za kutofika na za kuteleza, mfano swali lilikua limesema faida ni asilimia 25 juu ya gharama mimi nikapiga asilimia 25 ya bei ya kuuzia. Kitu kama hicho hata ungenisomesha kitabu mara kumi kisingenitoka, kwa sababu kitabu nilikua nakielewa.

Hapo nikaanzisha daftari la makosa. Sio zuri, sio la rangi. Kila kosa naandika mstari mmoja nilifanya nini, mstari wa pili ilitakiwa nini na kwa nini, na tarehe ya kulirudia. Nalirudia swali lile lile baada ya siku tatu, baada ya wiki, baada ya wiki mbili, kila mara kwenye karatasi tupu. Likitoka bila kuteleza mara tatu nalifuta. Mfano huo wa asilimia niliuandika hivi: bidhaa za 60 zimeuzwa ndani ya kundi, nusu bado ziko stoo, kwa hiyo 30. Faida ni 25% juu ya gharama basi chukua 30 zidisha 25 gawa kwa 125, ni 6, hiyo ndo faida ya kuondoa kwa sababu bidhaa hazijatoka nje ya kundi. Ingekua 25% ya bei ya kuuzia ingekua 7.5. Niliandika hiyo zaidi ya mara nane mpaka siku moja nikawa naiona kwenye swali kabla sijamaliza kusoma sentensi.

Asubuhi yako ya saa kumi usiifanye ya kusoma tena. Ifanye ya swali moja kubwa. Weka saa, swali la maksi 20 dakika 36, ukikwama acha nafasi songa mbele, muda ukiisha weka kalamu chini hata kama mizania (taarifa ya mali na madeni, pande zake mbili lazima zilingane) haijalingana. Halafu jisahihishe kwa kalamu ya rangi nyingine. Kitabu fungua jioni tu, na ufungue ule ukurasa ambao daftari limekutuma, sio mwanzo mpaka mwisho. Utasikia vibaya wiki mbili za kwanza, utaona kama umerudi nyuma kwa sababu kila siku unapata sufuri na nusu. Vumilia hapo, usirudi kwenye video.

Na kitu kingine, kama mtihani wenu unafanyika kwenye kompyuta, achana na kalamu kabisa miezi miwili ya mwisho. Fanyia kwenye jedwali la kompyuta kama utakavyofanya siku hiyo. Mimi nilipoteza muda mwingi sana mara ya tatu kwa sababu nyumbani nilikua nachora kwa mkono na kule natakiwa kutaipu.

Meza_ya_Pili
Nimewahi kusahihisha mitihani ya aina hii kwa misimu kadhaa kwa hiyo niongezee kwa upande wa anayeshika karatasi yako, maana watu wengi wanafeli kwa kutojua maksi zinatolewaje.

Saa tatu ni dakika 180, karatasi ina maksi 100, kwa hiyo kila maksi moja ina dakika 1.8. Swali la maksi 15 lina dakika 27, la 20 dakika 36. Hiyo hesabu iandike ukurasa wa kwanza kabla ya kitu chochote. Maksi za mwanzo za kila swali ni rahisi kuliko za mwisho. Ukishapata 12 kati ya 20, kuzitafuta zile 8 zilizobaki kunakula muda ambao kwenye swali usilogusa ungekupa 8 za chee. Mwenye 47 aliyeacha swali la mwisho, mimi nikiona karatasi yake roho inaniuma, kwa sababu najua pasi yake ilikua imelala pale kwenye ukurasa mtupu.

La pili ni kwamba msahihishaji anafuata namba yako. Ukikosea hatua ya kwanza unapoteza maksi ya hatua hiyo tu, ukiendelea vizuri na namba yako iliyokosewa unapewa maksi za hatua zinazofuata. Sharti ni moja, nione ulivyofika. Chukua gudwili, yaani kiasi kinachozidi thamani ya mali za kampuni iliyonunuliwa. Ukiniandikia "Gudwili 137" peke yake na jibu ni 150 sina pa kukupa kitu. Ukiniandikia kampuni mama imelipa 500, wenye hisa wachache (wa nje wanaomiliki sehemu iliyobaki) thamani yao 110, jumla 610, toa mali halisi (mali ukiondoa madeni) za kampuni tanzu, yaani ile iliyonunuliwa na mama, siku ya ununuzi 420 pamoja na ongezeko la thamani ya ardhi 40, baki 150, basi hata ukisahau ile 40 ukapata 190 karibu maksi zote ni zako. Kwa hiyo kule kufuta na kurudia unakokufanya kwa sababu mizania haijalingana acha kabisa. Mizania isiyolingana inaweza kuwa na maksi nyingi sana. Mtu anatumia dakika 20 kutafuta kosa la maksi moja, nimeona hilo karatasi baada ya karatasi.

Kwenye swali la kundi anza na zile zisizohitaji akili. Chora umbo la taarifa, jumlisha mali za mama na tanzu mstari kwa mstari asilimia mia hata kama mama ana 80% tu, mtaji wa hisa weka wa mama peke yake. Hayo tu yana maksi zake na hayachukui dakika saba. Baada ya hapo ndo uende kwenye gudwili, faida isiyopatikana kwenye stoo, deni la ndani ya kundi, na mwisho kabisa faida limbikizi (iliyojikusanya miaka yote).

Halafu lile swali la uchambuzi uliloliacha. Hapo nina la kusema kidogo zaidi kwa sababu ndo linaloangusha watu wa alama za arobaini na. Wengi wanakokotoa uwiano wote halafu wanaandika "faida ghafi imepanda kutoka 32% hadi 38%, hii ni nzuri". Hiyo sio uchambuzi, namba nimeshaiona. Nataka kwa nini, na jibu la kwa nini liko kwenye habari waliyokupa, soma aya kwa aya. Mfano kampuni imenunua kampuni tanzu katikati ya mwaka. Kwenye faida imeingia miezi sita tu ya tanzu, lakini kwenye mizania mali zote za tanzu zimeingia nzima. Kwa hiyo faida kwa mtaji uliotumika itaonekana imeshuka hata kama biashara iko vizuri, na mwakani namba itakua tofauti. Au ardhi imetathminiwa upya, mtaji umepanda, faida ni ile ile, uwiano unashuka bila mtu kufanya kosa lolote. Ukiandika sentensi mbili za namna hiyo zinashinda uwiano sita ulioupanga kwenye jedwali. Na zinaandikwa hata kama konsolidesheni imekukalia vibaya, kwa hiyo mimi ningekushauri uanze na hilo swali, usiliache mwisho tena.

Mwisho kabisa soma zile ripoti za watahini wanazotoa baada ya kila msimu. Wanaeleza kabisa watu walikosea wapi. Ni bure na karibu hakuna anayezisoma.

Zamu_ya_Jioni
Nakubaliana na mengi hapo juu ila ntapingana kidogo na Mama_Mizania, naomba usinielewe vibaya dada yangu.

Maswali ya zamani peke yake nayo yana mtego. Mimi nilifanya karatasi za miaka sita, nyingine mara mbili, mpaka nikawa najua majibu kwa kichwa, nikajipa 70 nyumbani. Nikaenda nikapata 45. Kilichotokea ni kwamba karibu zote nilizofanya kampuni mama ndo ilikua inauza bidhaa kwa tanzu. Siku ya mtihani ikaja tanzu imemuuzia mama nami nikafanya kama nilivyozoea. Kumbe hapo ile faida isiyopatikana inagusa wenye hisa wachache pia, kama ni 6 na mama ana 80% basi 4.8 inatoka kwa mama na 1.2 inatoka kwao. Nilikua najua hatua, sikua najua sababu.

Nilivyorudi nikaongeza kitu kimoja. Kila marekebisho lazima niandike debiti na krediti zake pembeni, halafu niseme kwa sauti, kama namuelezea mtu asiyesoma uhasibu, kwa nini. Siku zingine nilikua namuelezea mke wangu ambaye hana habari na leja. Nilivyomwambia kodi iliyoahirishwa akauliza "sasa kodi hiyo ameiahirisha nani?" nikakosa jibu, ndo nikajua nilikua nimekariri miaka yote. Nikarudi kukaa nayo. Mashine kwenye vitabu vyetu ni 80, kwa watu wa kodi imebaki 50, maana yake wao wameshaturuhusu kupunguza zaidi mapema, kwa hiyo mbele huko tutapunguza kidogo na tutalipa zaidi, tofauti ni 30, kodi ikiwa 30% deni ni 9. Tangu siku hiyo hiyo mada haijawahi kunisumbua, hata swali wakilipindua vipi.

Kwa hiyo ndio fanya maswali kwa saa kama ulivyoambiwa, ila ukisahihisha usiangalie tu nimepata nimekosa. Jiulize ingekuaje kama muuzaji angekua mwingine, kama ununuzi ungekua katikati ya mwaka, kama hisa zingekua 30% badala ya 80%. Badilisha namba moja ulifanye tena.

Jingine, Subira, umesema kitabu umekirudia mara tatu. Ni kitabu kile kile cha jaribio la kwanza? Angalia sana hapo. Viwango vya kimataifa vya uhasibu, hizi IFRS na IAS, vinabadilika. Mambo ya kukodi mali yalihamia IFRS 16 kuanzia 2019, kuna watu waliendelea kusoma kwa IAS 17 ya zamani wakaumia. Na sasa IFRS 18 inakuja kuchukua nafasi ya IAS 1 kwa miaka ya hesabu inayoanza tarehe 1 Januari 2027, inabadilisha mpangilio wa taarifa ya faida na hasara. Kwa hiyo kwenye silabasi ya msimu wako angalia viwango gani vinatahiniwa, usiamini kitabu cha kurithi.

Mama_Mizania
Zamu_ya_Jioni uko sahihi kabisa wala sijakuelewa vibaya, hilo la kubadilisha namba mimi nilikua nalifanya bila kujua, nimelisahau kulisema. Ila kwa Subira naona aanze na saa kwanza. Mtu ambaye hajawahi kumaliza karatasi hata moja tatizo lake la leo ni kumaliza.

Hatua_Hatua
Mi naongelea kidogo tu kuhusu kupumzika maana hakuna aliyegusa. Nilifeli mara tatu mfululizo, ya nne nikajisajili siku ile ile matokeo yalipotoka kwa hasira, nikafeli tena. Hasira inakwisha baada ya wiki mbili halafu unabaki na usajili na uchovu ule ule. Baadae nikakaa wiki tatu bila kugusa kitabu, nikalala. Msimu mzima usipumzike, kwa mtu wa 47 vitu vitaanza kutoka kichwani na utaanza upya, ila wiki mbili tatu chukua.

Na ukiamka saa kumi alfajiri unalala saa ngapi? Kama unalala saa sita usiku hapo unaibia mtihani wenyewe. Mimi nilipunguza masaa kutoka matatu kwa siku hadi moja na nusu, ila moja na nusu hiyo nikawa macho kweli.

Mwisho, mwambie mwenzako matokeo. Kubeba siri nako ni kazi, na mkikaa mkapanga siku zipi ni za swali na siku zipi ni za familia, hata yeye anaona kuna tarehe ya mwisho. Mimi wangu aliniambia kilichokua kinamchosha ni kutojua itaisha lini, kufeli hakukumsumbua kama nilivyodhani.

Subira_K
Wakuu nimerudi, zimepita wiki tano. Nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Kwanza nilimwambia mwenzangu usiku ule ule baada ya kusoma hapa. Alikua ameshajua, aliona barua pepe kwenye kompyuta, alikua anasubiri niseme mwenyewe. Tumepanga Jumapili sigusi kitabu kabisa.

Nilipumzika siku kumi na mbili halafu Jumamosi moja nikajifungia na karatasi nzima. Nimepata 39. Nilikaa kitandani naangalia ukuta, nikawaza nimefanya mara nne nimerudi nilipoanzia. Ila nikafanya ile hesabu ya majina matatu. Sikujua, maksi 13. Niliteleza, 20. Sikufika, 28. Nimeandika hizo namba ukutani. Maksi 28 sikuziandika hata herufi!

Toka hapo kila asubuhi ni swali moja, saa iko mezani. Wiki ya kwanza ilikua mbaya kama mlivyosema. Wiki ya tatu nikamaliza swali la kundi kwa dakika 36, mizania haikulingana, nilitetemeka ila nikaweka kalamu chini. Nilivyosahihisha nilikua na 14 kati ya 20. Kosa lilikua nimesahau kuingiza bidhaa zilizokua njiani. Zamani ningekaa hapo nusu saa.

Daftari lina makosa 41, nimefuta 9. Kosa linalojirudia kuliko yote ni kutogawa faida ya kampuni tanzu kwa miezi tangu iliponunuliwa, kila mara nachukua mwaka mzima. Limeshanipata mara sita, sijui kwa nini haliingii. Mwalimu wangu wa zamani nimemuacha kwa sasa, naenda kwake nikiwa na swali maalum tu.

Jumamosi iliyopita karatasi ya pili nzima, nimepata 52. Nimeanza na swali la uchambuzi kama alivyosema Meza_ya_Pili, na hapo peke yake nilipata 11 kati ya 20, mara ya mwisho kwenye mtihani sidhani kama nilipata hata nne. Ila nina wasiwasi najionea huruma kwenye kusahihisha. Kuna mahali nimejipa maksi kwa sababu "nilimaanisha" hivyo. Mnafanyaje hapo?

Meza_ya_Pili
Hongera, tena hiyo 39 ndo ilinifurahisha zaidi maana ulikaa nayo.

Kilichoandikwa ndo kinachosahihishwa, ulichomaanisha hakipo kwenye karatasi. Ukisita, usijipe. Na kama unaweza badilishana karatasi na mtu mwingine anayerudia, asahihishe yako nawe yake, mtu mwingine hana huruma na maana zako.

Kuhusu miezi, kila unapofungua swali la kundi kabla ya kusoma kitu kingine zungushia tarehe ya ununuzi na tarehe ya kufunga mwaka, halafu andika juu kabisa ni miezi mingapi. Fanya hivyo hata kama ni mwaka mzima, andika 12.

Subira_K
Sawa mkuu. Kesho asubuhi naanza na hilo, kuna swali la tanzu iliyonunuliwa tarehe 1 Septemba na mwaka unafungwa 31 Desemba. Minne.